Toa Hiyo Kitambaa Tukuone

Mwaka ule dunia ilipofungwa na watu wakaambiwa wafunike pua na mdomo, kitinda mimba wangu aliniletea boksi zima la barakoa, akaliweka mezani, akaanza kunionyesha namna ya kuvaa kana kwamba mimi sina masikio ya kuning'inizia kitu. Nikamwambia sivai. Akasema, Mama, ni kwa ajili yako. Nikamwambia ng'o. Wakapigiana simu wao kwa wao, wakakubaliana kwamba uzee umenipanda kichwani. Mwishowe nilivaa, maana mimi si mjinga na majirani tuliwazika. Lakini nilivaa kwa sharti langu. Kila aliyetaka kuingia kwangu, awe muuguzi, awe pasta, awe kijana wa kusoma mita ya stima, alisimama kwanza mbali kule langoni, akashusha barakoa, nikauona uso, akanitajia jina lake na kwao, ndipo akafunika tena akaingia. Wajukuu walicheka mpaka wakachoka. Ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye laini za mashamba ya wazungu kutoka Longonot hadi Molo, hamtacheka. Mnajua mtu aliyefunika uso alikuwa anakuja kufanya nini.

Laini yetu ilikuwa juu ya Njoro, mahali ambapo baridi ya asubuhi inauma masikio hata wakati wa kiangazi. Vibanda vya udongo na nyasi vilipangwa mstari, mlango wa huyu ukiangalia mgongo wa yule, na nyuma yake pareto, nyeupe, mpaka ukingo wa msitu. Watu wa mjini walikuwa wanasema eti sisi tunaishi ndani ya maua. Wapi! Pareto ukiichuma kutwa nzima mikono inawasha, macho yanatoa machozi, na ukilala karibu na banda la kukaushia unaamka kifua kimekubana. Kila mtu kwetu alikuwa anakohoa kidogo. Ndiyo maana kwa muda mrefu mama aliweza kujificha ndani ya kikohozi cha wengine.

Tulikuwa watu wa kila kabila pale, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza, kila mtu akikivunja kwa namna ya kwao. Tulielewana vizuri tu. Wakati wa kugombana ndio kila mtu alirudi kwa lugha ya mama yake.

Baba alichukuliwa wakati wa Mau Mau, nikiwa mdogo, lakini si mdogo wa kusahau. Wanaume walipangwa foleni mbele ya banda la kupimia pareto. Ndani ya gari la polisi alikaa mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani hadi kiunoni, limetobolewa mashimo mawili ya macho. Tulimwita Gakunia, yaani kagunia. Hakuwa na jina, hakuwa na mdomo. Mwanamume alipita mbele ya dirisha la gari, akasimama, na kile kichwa cha gunia kikiinama kukubali, mwanamume huyo alipelekwa upande wa kushoto, kwenye lori. Kwa baba kiliinama. Mama aliandamana na lori mpaka getini akiuliza kwa sauti, huyo ni nani, mtoeni tumwone. Lori halikusimama, na baba akaenda kambi ambayo hata jina lake tulilijua baadaye sana. Tangu siku hiyo, kwangu mimi mambo yalikuwa wazi: mtu akifunika uso na kuinamisha kichwa, mtu wa nyumbani anaenda.

Bwana wa shamba alimwachia mama kibanda kwa sharti kwamba achume pareto kama mtu mwenye afya yake. Msimamizi wa sharti hilo alikuwa nyapara wetu, ambaye jina lake la kuzaliwa silijui mpaka leo, maana sisi tulimwita Sawasawa. Bwana akisema jambo lolote, hata akisema mvua itanyesha chini kwenda juu, yeye alijibu sawasawa, bwana. Mgonjwa akipitisha siku chache bila kwenda shamba, Sawasawa alisimama mlangoni akamwambia afunge blanketi lake arudi kwao. Mama hakuwa na kwao. Kipande cha ardhi cha babu kilikuwa kimegawiwa watu wengine, na huko nyumbani hakukuwa na mtu wa kutufungulia mlango.

Kwa hiyo mama alipoanza kukohoa kikohozi ambacho si cha pareto, alikimeza. Kikimshika shambani aliinama chini kabisa kati ya mimea akiuma leso yake. Kikimshika ndani ya nyumba alijifunika blanketi. Siku moja nikaiona ile leso ina damu. Mama aliikunja, akanivuta karibu, akaniambia, "Wanja, hii neno uiweke kifuani. Usimtolee mtu." Nikaiweka. Nilikuwa nikilala naisikia pale upande wa kushoto inagonga, inataka kutoka, nami naibana kwa mkono.

Wako wanaopenda kusema mficha maradhi kilio humfichua. Ni methali nzuri, ya watu wenye pa kulala. Waje wairudie mbele ya mwanamke ambaye akisema naumwa anatupwa barabarani na mtoto. Mama hakuwa mjinga wala hakuwa mwoga. Alipima hatari mbili akachagua ile ambayo ingemwua polepole.

Basi Jumapili moja, watu wametoka kanisani, lori la maziwa likashusha vijana wawili wenye makoti meupe na meza ya kukunja. Walikuwa madaktari wachanga. Walikuwa wametoka kumaliza masomo Uganda, wakawekwa hospitali ya Waafrika pale Nakuru mjini ili wajifunze kazi chini ya wakubwa. Wakubwa hao Jumapili walikuwa kwao Milimani, mtaa wa wazungu, na hawa wawili, badala ya kulala wapumzike, walikuwa wameamua kuzunguka mashambani kufundisha watu habari za kifua kikuu na kuwapima. Hakuna aliyewatuma. Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile niliona makoti tu.

Sawasawa aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti, tukakusanyika. Mmoja wa vijana, mrefu, Mganda, alikuwa na Kiswahili kidogo sana, kwa hiyo mwenzake ndiye aliyesema. Alisema vizuri. Alieleza kwamba kuna kijidudu kinachokaa kifuani, kwamba si uchawi wala si laana, kwamba mtu akikohoa ovyo ndani ya nyumba iliyofungwa anawapa wenzake, na kwamba sasa dawa ipo. Wazee walisikiliza wakitikisa vichwa. Watoto tulikuwa tunatazama viatu vyake. Mpaka hapo hakukuwa na ubaya wowote.

Ubaya ulianza walipomaliza kusema wakaanza kupima. Walitafuta kivuli, na kivuli kilichokuwepo kilikuwa cha banda la kupimia pareto. Wakaweka meza palepale. Wakatuambia tupange foleni. Kisha, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kukohoa na kutema, wakatoa vitambaa vyeupe wakajifunga kuanzia chini ya macho hadi kidevuni. Sawasawa akavuta kiti akakaa pembeni yao, maana bwana alikuwa amewakubalia vijana waje ila nyapara awepo amwone kila mgonjwa. Mtu alipita mbele ya meza, akawekewa mpira kifuani, yule daktari akasikiliza, na akimtilia shaka aliinamisha kichwa kumwonyesha mwenzake. Huyo aliyeinamishiwa kichwa alipewa kikopo cha kutemea mate, akaambiwa asimame upande wa kushoto.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi huu haukuwa ung'ongo. Hao vijana hawakujua. Miaka ile yote wao walikuwa Uganda wakisoma majina ya mifupa, na hakuna kitabu chao kilichowaambia kwamba pale Njoro huwezi kufunika uso, ukakaa mbele ya banda, ukainamisha kichwa, kisha ukamwambia mtu aende kushoto. Tena wanataka mate! Mate kwetu si kitu cha kumpa mgeni kwenye kopo. Mzee anakutemea kifuani akikubariki, na adui akiyapata anaweza kukumaliza nayo. Katika hili makabila yote ya laini yetu yalikuwa na neno moja.

Mimi nilikuwa mbele ya mama. Nilipofika mezani, yule mwenye kusema aliniwekea ule mpira kifuani, baridi, na ncha zake mbili zikiwa zimeingia masikioni mwake. Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Kumbe hawa wamepata njia mpya. Zamani Gakunia alitazama tu. Sasa wana mpira wa kusikiliza yale ambayo mtu ameyaweka kifuani. Na langu lilikuwa palepale chini ya mpira, linagonga kwa nguvu zake zote. Akaniambia, "Pumua, mdogo wangu." Nikabana pumzi. Akarudia. Nikazidi kubana mpaka nikaona nyota. Macho yake juu ya kitambaa yakacheka kidogo, akanigonga mgongoni kwa kidole, akasikiliza tena, kisha akamgeukia mwenzake akainamisha kichwa. Alikuwa anaficha kicheko tu, mtoto ni mzima. Mimi nilichoona ni kichwa kimeinama.

Nikapiga kelele. Nikamwambia ni mwongo, mpira wake ni mwongo, mama hakohoi, mama hajawahi kukohoa damu.

Wanangu wakisikia hapa hushika vichwa wakasema, maskini Mama, ulimchoma bibi, ukaitoa siri yake. Sikumchoma mtu. Niseme wazi, kama ilivyo siku zote nikilisimulia hili, kwamba silionei haya. Wanaume wazima, wenye ndevu, walipita mbele ya lile gunia wakiangalia chini. Mimi nilisimama mbele ya mtu niliyeamini ndiye Gakunia nikamwambia uongo usoni, ili kumkinga mama yangu. Kwamba uongo ule ulitoka umegeuka ndani nje, hayo ni mambo ya umri.

Sawasawa alisimama kutoka kwenye kiti chake taratibu, amefurahi. Alisema kumbe, kumbe ni damu, na kwamba pareto imesingiziwa siku nyingi. Alimwambia mama kesho mapema afunge vitu vyake. Watu wakasogea mbali nasi kidogo, si kwa ubaya, ni miguu tu iliyofanya yenyewe. Nilimshika mama sketi. Nilitegemea alie, au anichape.

Mama hakunigusa. Alinipita, akasimama mbele ya meza, na kwa mara ya kwanza alikohoa bila leso, akakohoa mpaka akamaliza, watu wote wakisikia. Halafu akamwambia yule daktari, "Toa hiyo kitambaa tukuone."

Kijana alishtuka. Alieleza kwa upole kwamba hiki ni cha kumkinga asipate ugonjwa.

"Najua kinakukinga," mama akasema. "Bwana yangu aliondolewa hapo ulipoweka meza, na mpaka leo sijui ni uso gani ulimwondoa. Mimi ukinipeleka, unipeleke nikikujua."

Yule Mganda alisema neno kwa Kiingereza akatikisa kichwa kukataa, na mtu hakuhitaji shule kuelewa kwamba anamwambia mwenzake asithubutu, huyu mwanamke ni hatari. Yule mwingine alimtazama mama. Akatazama meza, akalitazama banda, akawatazama wale wachache waliokuwa upande wa kushoto na vikopo mikononi. Sijui alichokiona, lakini alipiga hatua moja nyuma, akafungua kitambaa. Ala! Alikuwa mtoto tu. Uso mwembamba, chunusi shavuni, na masharubu ambayo yalikuwa yamejaribu kuota yakashindwa.

Akasema anaitwa Salim. Mama akamwuliza Salim wa nani. Akasema wa Bakari. Hapo nyuma yangu Mama Achieng', jirani yetu wa mlango kwa mlango, mwanamke mnene ambaye hakuwahi kuacha swali lipite, akauliza Bakari gani, Nakuru imejaa Bakari. Kijana akajibu kwamba ni Bakari wa mahamri, karibu na stesheni ya reli.

Foleni ikapumua. Bakari wa mahamri! Nani hakumjua? Hakuna mtu wa laini aliyeteremka mjini mwisho wa mwezi asile mahamri ya yule mzee. Mama Achieng' akatangaza kwamba huyu kijana yeye amemwona akiwa na kamasi, akibeba sinia kichwani, na mama yake alikuwa anamkimbiza na mwiko. Watu wakacheka, na daktari mwenyewe masikio yakamwiva. Mama hakucheka. Alikuwa amemkazia macho kana kwamba anahifadhi kila chunusi. Akasema basi tunajua kwenu, nikipotea watu wangu wanajua mlango wa kubisha. Halafu akamwambia:

"Haya, funga tena. Nimeshakuona. Usije ukaugua bure, mama yako anakungoja."

Salim akafunga. Akamwuliza mama ni nini kilichotokea pale bandani. Akaelezwa, kwa maneno machache, na watu wengi kwa pamoja. Alikunja ile meza yeye mwenyewe, akaibeba, akaiweka katikati ya laini, juani, mbele ya milango yetu. Akasema hapa hakuna kushoto wala kulia, kila mtu apimwe akiwa mlangoni kwake. Kisha akamwambia Sawasawa kwamba anaweza kwenda kupumzika.

Sawasawa alikataa. Alisema yeye amewekwa pale na bwana, na anataka kumjua kila mtu atakayepewa kikopo, huyu wa kwanza ameshamsikia, sasa wengine ni akina nani. Salim akamjibu kwamba leo ni Jumapili, siku yake mwenyewe, amekuja kwa hiari yake na si kwa kazi ya bwana, na kifua cha mtu si mali ya shamba. Alisema vizuri sana, kwa Kiswahili kile cha mjini cha watu wa msikitini, kimepigwa pasi. Lakini Kiswahili kizuri hakijawahi kumwondoa nyapara kwenye kiti. Sawasawa alirudi kukaa, akakunja miguu, akauliza tena, wengine ni akina nani?

Ndipo Mama Achieng' akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha uongo mtupu, kikubwa, cha kutoka tumboni, akishikilia kiuno. Akamalizia kwa kumnyooshea daktari mkono, akasema lete kikopo. Akakipokea. Mke wa yule Mturkana aliyechunga ng'ombe wa bwana naye akakohoa, akapewa. Halafu mwingine, halafu wawili kwa pamoja, halafu sikujua tena nani ameanza na nani anafuata. Wanawake wa laini nzima walikohoa. Wako waliokohoa kweli na wako waliokohoa pareto, na wako ambao walikuwa wanacheka katikati ya kukohoa. Wazee wakafuata. Vikopo vikaisha, watu wakaingia ndani wakaja na makopo ya majani chai na vikombe vya bati. Mimi nilikohoa mpaka mbavu zikaniuma. Mate yale yale ambayo hakuna mtu angempa mgeni, sasa kila mtu alikuwa anamletea Salim, maana alikuwa na uso, na baba yake alijulikana.

Sawasawa akauliza kama laini yote ni wagonjwa. Mama Achieng' akamwambia wote, kuanzia mlango wa kwanza hadi wa mwisho. "Mwambie bwana achume pareto yake mwenyewe," akasema.

Na pareto ilikuwa imeiva, ile ya kuiacha siku chache tu inanyauka na kupoteza nguvu. Bwana wa shamba hakuwa mtu wa huruma, lakini alijua mali yake. Alikuja, akasimama mbali juu ya farasi, akasikiliza. Salim alimwendea akamwambia kwamba akimfukuza kila mwenye kikohozi, wenye kikohozi watajificha, na wakijificha atakuja kuwazika, wao na wenzao. Kabla farasi hajageuzwa, bwana alikuwa ametoa uamuzi, na Sawasawa akatufasiria kwa furaha akidhani ni mtego. Mama aende hospitali. Kibanda kitabaki chake, mradi kikapu chake kiendelee kufika kwenye mizani kila siku ya kazi. Siku ambayo hakitafika, mlango unafungwa.

Mama aliondoka na lori la maziwa siku hiyohiyo. Nilipotaka kulikimbilia Mama Achieng' alinishika, na nikampiga, na akaniacha nimpige. Alilala kwangu siku zote hizo, ati nyumba isiyolaliwa na mtu mzima inaingiwa na maneno. Kule hospitali ilionekana kwamba yale makopo ya uongo hayakuwa ya uongo yote. Mke wa Mturkana, aliyekohoa ili kumkomoa nyapara tu, alikuwa na ugonjwa wenyewe ambao yeye wala mtu mwingine hakuujua. Naye akaenda.

Na kikapu cha mama kilifika. Niwaambie jinsi kilivyofika, maana watoto wa siku hizi wanapenda kuambiwa kwamba zamani watu walipendana, kana kwamba mapenzi yalikuwa yanaanguka na mvua. Kilifika kwa ukaidi. Nilikibeba mimi, kutoka mstari hadi mstari, na kila mwanamke niliyempita alitupia konzi moja ya maua bila kuniangalia, bila kusema kitu. Wengine hawakuwa wanampenda mama hata kidogo. Mmoja alikuwa amegombana naye juu ya kuku na hawakuwa wanasalimiana. Naye alitupia. Jioni nikakipandisha kwenye mizani, na Sawasawa akakipima kikapu cha mtu asiyekuwepo, akatafuta kosa, akapekua mpaka chini akitafuta majani na mawe. Hakupata. Siku za mvua kubwa, ambapo kila mtu alikuwa na kidogo, konzi zilikuwa ndogo lakini zilikuwepo.

Salim alirudi Jumapili nyingine, na nyingine. Alitufundisha kuanika blanketi juani, na akatusumbua juu ya madirisha mpaka watu wakatoboa kuta ili wapate amani. Tulimcheka kwa Kiswahili chake, naye alitucheka kwa chetu. Mama Achieng' alimpigia kelele kwamba amekonda, mahamri ya babake yanaenda wapi. Mimi kila alipokuja nilimsimamisha kwanza mbali, nikamwambia ashushe kitambaa, na alishusha. Habari za mama alizoniletea zilikuwa fupi. Amekula. Amelala. Amepanda kilo. Nilikuwa namwuliza kama anakohoa, naye hakunidanganya. Alisema bado. Jumapili nyingi alisema bado, na mimi nilimchukia kwa neno hilo, halafu Jumapili iliyofuata nikamngojea tena barabarani.

Mama alirudi mchana, juu ya lori lilelile la maziwa. Sikumtambua kwa haraka, mashavu yalikuwa yamejaa na alikuwa amevaa gauni la kupewa. Watu waliacha walichokuwa wanafanya wakaja getini. Sawasawa alifika kabla yetu. Alisimama katikati ya geti, mikono nyuma, akasema kwamba mtu aliyelala wodi ya kifua harudi laini, atawaua watu, arudi alikotoka.

Mama akamwuliza, "Bwana ndiye amesema?"

"Mimi nimesema," Sawasawa akajibu.

Labda ni mara ya kwanza maishani mwake kusema kitu ambacho bwana hakukisema kwanza. Mama alimwangalia hivi, kutoka kofia hadi viatu, halafu akacheka. Sasa, mama yangu tangu ugonjwa umwingie alikuwa ameacha kucheka, kwa sababu kicheko ndicho kilichokuwa kinakiamsha kikohozi, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba anajua. Alicheka kwa mdomo wazi, kichwa nyuma, kicheko kirefu kisichokuwa na adabu hata kidogo. Nami nikashika gauni lake kwa mikono miwili, nikangoja, maana nilijua kinachokuja mwisho wa kicheko. Mama Achieng' alikuwa anangoja. Nyapara naye alikuwa anangoja, nilimwona, ametega sikio. Geti zima lilikuwa linasikiliza kifua cha mama.

Hakikuja kitu. Mama akavuta pumzi, ndefu, akaishikilia, akamsogelea Sawasawa na kumpulizia usoni, kisha akapita kwenda nyumbani kwake.